Picha Hazikutikisika

Haraka haraka ina baraka. Najua ulivyofundishwa, nami nilifundishwa hivyo hivyo, tena tuliinakili methali yenyewe ubaoni kwa chaki za rangi. Lakini shangazi yangu anasema aliyeitunga hakuwahi kumpiga picha mtoto wa miaka miwili aliyeona paka.

Shangazi ana studio ya picha kwenye kona ya mtaa wetu, katikati ya duka la misumari na kibanda cha kinyozi. Watu humwita Bi Tabasamu, kwa kuwa kutwa nzima utamsikia akibembeleza, "Tabasamu kidogo, basi. Kidogo tu, meno hayalipiwi kodi." Yeye mwenyewe hatabasamu. Mimi naitwa Kope, kwa sababu katika kila picha niliyowahi kupigwa nimefumba macho. Picha ya darasa, nimefumba. Picha ya harusi ya mjomba, nimefumba. Asiyenijua angedhani ukoo wetu una mtoto anayelala wima. Ndiyo maana nikahamia upande wa pili wa kamera, ambako hakuna anayeniona nikipepesa.

Kila siku nikitoka shule napitia studio. Nafagia, nakung'uta pazia jeupe la picha za vitambulisho, nafuta kiti ambacho watoto hupenda kukimwagia maziwa, kisha nachomeka betri kwenye chaja. Kazi ikiisha, Shangazi hunipa kamera yake ya zamani, ile ambayo mpira wa ubavuni umeshachunika, na kuniambia, "Haya, nionyeshe leo utaharibu nini."

Juu ya kamera ile kuna gurudumu dogo lenye alama. Kila alama ni modi, yaani namna ambavyo kamera hujipanga kabla ya kupiga. Kuna kisanduku cha kijani, hicho ni cha otomatiki. Kuna kichwa cha mtu, kuna mlima, kuna ua, kuna mtu anayekimbia. Kuna na kichwa kingine chenye nyota pembeni, cha picha za usiku. Mwanzoni Shangazi alinikataza kabisa kile kisanduku cha kijani.

"Si kibaya," alisema. "Hata mimi nakitumia. Lakini ukianza nacho, kamera ndiyo itakayofikiri, na wewe utabaki kuwa msumari wa kuitundikia."

Basi nikajifunza kwa makosa. Siku moja alikuja seremala, amevaa shati linalopigwa pasi mara moja kwa mwaka, akaomba tukampige picha karakanani kwake. Nilikumbuka kwamba modi ya kichwa cha mtu humfanya mtu aonekane vizuri sana: uso unakuwa wazi, na vyote vilivyo nyuma yake vinafifia kama vimefunikwa na mvuke. Nikaizungusha, nikapiga. Nilijisifu moyoni. Seremala akaitazama picha, akaitazama tena.

"Binti," akasema kwa upole, "kabati langu liko wapi?"

Kumbe hakuja kwa ajili ya uso wake. Alitaka watu waone kabati kubwa lenye milango ya kuchonga, lililosimama nyuma yake. Mimi nilikuwa nimeligeuza ukungu. Shangazi akageuza gurudumu hadi kwenye mlima, ambao huweka wazi kilicho mbele na kilicho nyuma, akapiga upya. Tulipokuwa tukirudi aliniambia, "Kabla hujagusa gurudumu, jiulize ni nini hapo kisichotakiwa kupotea. Ukishajua hilo, alama utaipata mwenyewe."

Neno hilo niliendelea kulibeba. Sikujua kwamba siku moja litanielemea.

Sasa nikueleze kuhusu dada yangu. Shuleni wanamwita Mshale, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini, maana ukishamwona anakimbia hutauliza. Tunalala chumba kimoja, tunagombania shuka moja, na ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli huku akinishika kiti na kunidanganya kwamba hajaniachia. Huu ulikuwa mwaka wake wa mwisho katika shule yetu. Alikuwa mkimbiaji wa mwisho katika timu ya kupokezana kijiti, na timu ya wasichana itakayoshinda siku ya michezo ya shule za mji ingekwenda kwenye mashindano makubwa, ya kulala huko huko wiki nzima. Dada hajawahi kulala mahali ambapo mimi sipo. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe alikwishaazima sanduku la mama, akaweka ndani mswaki mpya na soksi, akalifunga.

"Hata hujashinda," nikamwambia.

"We Kope, nyamaza. Sanduku linazoea."

Siku ya michezo, Shangazi alikodiwa kupiga picha. Yeye angesimama mwisho wa mbio. Mimi akanipa kamera ya zamani na ruhusa ya kuzunguka uwanja. Kabla hatujaachana alinikumbusha masharti ya kazi yake, ambayo huyarudia kama mwalimu anayeita majina. "Anayeshika kamera hashangilii. Kelele utapiga kesho. Na hakuna kufuta uwanjani. Unachokiona kibaya kwenye kioo kidogo kinaweza kuwa kizuri studio. Picha zote zinarudi nyumbani, nzuri na mbaya, kama watoto."

Asubuhi ile mawingu yalikuwa mazito. Nilianza kwa kupiga picha shule zote zikiwa zimepangwa mistari uwanjani, nikaweka gurudumu kwenye mlima, na zikatoka vizuri: walimu mbele, watoto katikati, hadi bendera za nyuma kabisa. Kisha mbio zikaanza. Nikakimbia huku na huku, nikapiga, nikapiga. Wakati wa mapumziko Shangazi alichukua kamera, akazipitia.

"Hawa ni kina nani?"

"Wavulana wa mbio fupi, Shangazi."

"Mimi naona moshi uliovaa kaptula." Akasogeza picha nyingine. "Lakini nyuma yao naona choo cha walimu. Kiko wazi, hadi kufuli naliona. Kwa kweli choo umekipiga picha nzuri sana."

Wanafunzi waliokuwa wamejazana mgongoni mwake walipasuka kwa kicheko. Kabla sijameza mate, habari ilikuwa imezunguka uwanja mzima: Kope kapiga picha choo! Mvulana mmoja alikuja kuniuliza kama choo kilitabasamu.

Shangazi akanivuta pembeni, akanionyesha gurudumu. Lilikuwa bado kwenye mlima. "Mlima hauendi popote," akasema. "Ukiiambia kamera kuna mlima, haioni sababu ya kufanya haraka. Ndani yake kuna kijilango kinachoruhusu mwanga kuingia. Kwenye mlima, tena na mawingu haya, kinakaa wazi kitambo, na yeyote anayepita anaacha mkia. Weka mkimbiaji. Kijilango kitafunguka na kufungwa upesi kuliko hizo kope zako, na ukishikilia kitufe itapiga mfululizo bila kupumzika. Na usimfukuze mkimbiaji, hutampata. Chagua mahali atakapopita, umsubiri hapo."

Nikageuza gurudumu hadi kwenye mkimbiaji. Likalia, *kliki*. Nikaapa kwamba safari hii sitakuwa kichekesho.

Mbio za kijiti za wasichana zilikuwa za mwisho. Nilichagua mahali pa kusubiri kwa makini: kwenye kona, pale ambapo Twiga, rafiki wa dada mwenye miguu mirefu, angemkabidhi dada kijiti. Eneo la kukabidhiana lilichorwa kwa chokaa, mstari mwanzoni na mstari mwishoni. Kila mtoto wa shule anaijua sheria: kijiti lazima kiwe kimeshafika mkononi mwa anayepokea kabla ya kuvuka mstari wa pili. Kikiuvuka kikiwa bado mkononi mwa anayetoa, timu imetoka. Nilipiga goti karibu na mstari huo wa pili, kwa sababu weupe wake ulikuwa rahisi kwa kamera kuukazia macho. Sikuwa na sababu nyingine.

Mwamuzi wa kona alikuwa amesimama ng'ambo yangu, na kibendera chake cha manjano. Mbio zilipokuwa zimepamba moto, watoto wadogo wakaanza kumiminika kwenye njia ya wakimbiaji ili waone vizuri. Mwamuzi akageuka kuwafukuza. "Rudini nyuma! Nyuma, nyie!"

Twiga akaja. Uso ameukaza, kijiti mbele. Ubavuni mwake alikuwa msichana wa shule ya ng'ambo ya reli. Mbele yao, dada akaanza kukimbia, mkono nyuma, kiganja wazi. Nikashikilia kitufe. Kamera ikalia kama cherehani. Nilitaka kupiga kelele hadi koo linikauke, lakini anayeshika kamera hashangilii, nikauma mdomo. Dada akanipita kama upepo. Akamfikia msichana wa kitambaa cha njano kichwani, mkimbiaji wa mwisho wa wale wa ng'ambo ya reli, akampita, akakata utepe.

Uwanja ukalipuka. Walimbeba dada juujuu. Mwalimu wa michezo, mwanamume mnene ambaye hukimbia kwa nadra, alikimbia. Yule msichana wa kitambaa cha njano alikaa chini kwenye nyasi, akavua kiatu, akakitazama ndani kana kwamba ushindi ulidondokea humo.

Mimi nilibaki nimepiga goti, nikifungua picha kwenye kioo kidogo. Moyo ulinidunda kwa furaha, kwa sababu hazikutikisika! Kamba za viatu vya Twiga zilionekana. Jasho kwenye shingo ya dada lilionekana, tone kwa tone. Zilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nikasogeza moja, nyingine, nyingine.

Kisha nikaona mstari.

Mstari mweupe ulikuwa nyuma yao. Wote wawili walikuwa wameshauvuka, na kijiti bado kilikuwa kwenye ngumi ya Twiga. Nikasogeza. Picha iliyofuata: mkono wa dada unapapasa hewa, kijiti bado kwa Twiga, mstari umebaki nyuma zaidi. Iliyofuata: vidole vya dada ndiyo kwanza vinakigusa. Dada alikuwa ameanza kukimbia mapema mno, na Twiga akawa anamkimbiza ili ampe.

"Umenipiga?" Dada alikuwa ameponyoka mabegani mwa watu, akanirukia mgongoni. "Nionyeshe, nionyeshe! Nimetoka vizuri?"

Sikupata nafasi ya kuificha kamera. Aliona. Nilihisi mikono yake ikilegea shingoni mwangu.

Alisogeza uso karibu na kioo kidogo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Futa."

"Hakuna kufuta uwanjani."

"Kope, mwamuzi hakuona. Hakuna aliyeona."

"Mimi nimeona."

"Basi usifute. Sema tu zimetikisika kama za asubuhi. Nani atakukatalia? Uwanja mzima unajua umepiga picha choo." Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa baridi, na kwa mara ya kwanza tangu anifundishe baiskeli niliona kwamba anaogopa. "Mdogo wangu, ni mwaka wangu wa mwisho. Hakuna mwaka mwingine. Tafadhali."

Angenifokea, ingekuwa rahisi. Dada yangu hajawahi kuniambia tafadhali, hata kwenye shuka.

Nilikwenda kwa Shangazi nikiburuta miguu. Njiani nilikwishaandaa sentensi: Zimetikisika, Shangazi, mawingu yamenizidi. Sentensi fupi, tena ingeaminika. Shangazi akanyoosha mkono kupokea kamera. Kabla hajaangalia picha yoyote, akaangalia gurudumu.

"Mkimbiaji," akasema. Pembe ya mdomo wake ikapanda kidogo sana, na mtu asiyemjua asingetambua kwamba hilo lilikuwa tabasamu. "Leo umejiuliza kwanza. Zimetoka?"

Kama ningeitoa ile sentensi yangu ya uongo hapo, ningekuwa nimeifuta kazi yangu ya kwanza nzuri kwa mkono wangu mwenyewe. Hilo liliniuma, sitasema halikuniuma. Lakini halikuwa hilo peke yake. Kwa mbali nilimwona yule msichana wa kitambaa cha njano akifunga kiatu chake. Alikuwa amemaliza kukitazama. Nikakumbuka: ni nini hapo kisichotakiwa kupotea?

"Zimetoka, Shangazi," nikasema. "Kijiti kimevuka mstari."

Shangazi akazitazama picha zile moja baada ya nyingine. Hakuniambia nimefanya vizuri, wala hakuniambia nifanye nini. Alinirudishia kamera. "Umezipiga wewe. Zipeleke wewe. Mimi nitakuwa nyuma yako."

Mwalimu wa michezo alikuwa bado anafuta machozi ya furaha kwa kofia. Alitazama kioo cha kamera, akakivuta karibu, akakisogeza mbali. "Aisee," akasema. Akavaa kofia, akaivua tena. Nadhani naye alijaribiwa. Aliifundisha timu ile asubuhi kabla ya kengele, mwaka mzima. Kisha akapumua kama gurudumu linalotolewa upepo, akatembea hadi kwa mwamuzi mkuu na kamera yangu mkononi. Dada alisimama anatazama. Hakutoroka.

Timu yetu ikatolewa. Shule ya ng'ambo ya reli ikapewa ushindi.

Sitakudanganya kwamba nilijisikia shujaa. Watu niliosoma nao tangu darasa la kwanza walinipisha njiani kana kwamba nina upele. "Kope wewe," akasema mmoja, "maisha yako yote umefumba macho, ukachagua leo kuyafumbua?" Mwingine akaniambia heri ningeendelea na vyoo vyangu. Twiga alilia bila kusema neno, na hilo lilikuwa baya kuliko maneno.

Nyumbani, dada alifungua sanduku, akatoa mswaki, akatoa soksi, akalirudisha kwa mama. Kisha akalala amenipa mgongo, shuka lote ameniachia mimi. Ningefurahi kama angelivuta.

Nyumbani kwetu kuna desturi: wakigombana mkubwa na mdogo, mdogo ndiye anayeomba radhi, na hakuna anayeketi mezani mpaka aombe. Mama hataki kusikia nani alianza. "Mdogo ana shingo laini," husema, "inainama bila kuvunjika." Nimeomba radhi kwa sahani nilizovunja na kwa sahani ambazo sikuzivunja.

"Kope," mama akasema jioni iliyofuata, huku akipanga vikombe vya chai, "mwombe dada yako radhi, tule."

Nilimtazama dada. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Pole, dada," nikasema. "Pole sana. Najua ulivyoitaka safari ile."

"Hiyo ni pole," mama akasema. "Nimesema radhi."

"Pole ninayo, mama, nampa yote. Radhi ya nini?"

Mama akashika kiuno. Dada akainuka, akaenda chumbani bila kula. Chai ikapoa vikombeni.

Ilikaa hivyo siku kadhaa, nyumba imenuna kama mbingu isiyotaka kunyesha. Kisha mwalimu wa michezo akaja studio, akiwafuata nyuma dada na Twiga kama wafungwa. Nilikuwa nikikung'uta pazia. Alimwomba Shangazi afungue zile picha kwenye kompyuta, kwenye kioo kikubwa.

"Sitaki kuziona," dada akasema.

"Mimi nataka uzione," mwalimu akajibu. "Mwaka mzima nakwambia unaondoka mapema, na wewe unaniambia, hapana mwalimu, Twiga ndiye anachelewa. Mimi nina macho mawili na filimbi, siwezi kuthibitisha. Haya, kaa."

Shangazi akazifungua kwa mfuatano, taratibu. Dada alitazama akiwa amekunja mikono. Katika picha ya kwanza kabisa, dada alikwishanyanyuka na kukimbia, na Twiga bado alikuwa mbali. Dada akakunjua mikono. Akasogea karibu na kioo.

"Rudisha," akasema. Shangazi akarudisha. "Twiga... kumbe ulikuwa mbali hivyo?"

"Nilikuwa nakuita," Twiga akasema. "Nilikuita mara mbili. Ukiwa na haraka husikii."

Dada akaweka kidole kwenye kioo, pale alipokuwa Twiga. Kisha akasema, na sauti ilikuwa yake ya kila siku, "Nilidhani nikianza mapema nakusaidia."

Kesho yake wakaanza mazoezi upya. Mwalimu aliweka kiatu cha zamani pembeni mwa njia. Dada haruhusiwi kuinua mguu mpaka Twiga akifikie kiatu kile. Na mimi nikaitwa. Si dada aliyeniita, ni mwalimu, lakini dada hakupinga. Kila alasiri nilipiga goti kwenye mstari, gurudumu kwenye mkimbiaji, nikapiga mfululizo, nao wakaja kuinama juu ya kioo kidogo, jasho likinidondokea. "Bado." "Bado kidogo." "Sogeza kiatu hatua moja." Siku fulani dada alisahau kwamba amenuna, akaegemeza kidevu begani kwangu akitazama. Nilikaa tuli nisimkumbushe.

Wale wa ng'ambo ya reli walipokaribia kusafiri, mwalimu wao aliomba timu yetu ikakimbie nao mbio za mazoezi, wapate kujipima. Hakukuwa na utepe wala bendera, wala sanduku la kufunga. Twiga alikifikia kiatu, dada akaruka, kijiti kikamwingia kiganjani katikati kabisa ya eneo, laini kama mtu anayepewa kikombe cha maji. Tuliwashinda. Tuliwashinda kwa haki, na mimi ninazo picha.

Msichana wa kitambaa cha njano alikuja, amejishika magoti, anahema. "Afadhali hamwendi nyinyi," akamwambia dada, na wote wawili wakacheka hadi wakakaa chini. Kisha akavua kile kitambaa, akamfunga dada kichwani, akaondoka bila kuaga.

Picha ya kijiti kile kikiwa katika mikono miwili, na mstari mweupe ukiwa bado mbele yao, Shangazi aliichapisha kubwa, akaitundika dirishani mwa studio, juu ya picha ya seremala na kabati lake. Siku aliyoitundika tulikuwapo sote: mama, dada, Twiga na mwalimu wa michezo, aliyekuja na soda.

"Nimesikia wewe ndiye unayepinga methali," mwalimu akamtania Shangazi. "Eti haraka ina baraka."

"Inayo," Shangazi akasema, huku akinyoosha pembe ya picha. "Haraka ya kamera ina baraka, kwa sababu inasimamisha kitu ili kionekane. Hii ya kwetu binadamu mara nyingi inataka kitu kipite kabla hakijaonekana." Akashuka kwenye kiti, akamgeukia dada. "Ungekwenda kule na ushindi ule, mwanangu, ungelala wiki nzima na mstari mweupe kitandani. Na kosa lako ungerudi nalo vilevile, maana kosa lisiloonekana halirekebishwi. Mnalielewa hilo, nyie watoto? Mkweli hakuharibii. Anakuonyesha pa kuanzia."

Twiga akaitikia. Dada akagusa kitambaa chake cha njano, akaitikia naye.

Mama akafuta macho kwa upande wa kanga, kisha akakumbuka yeye ni nani. "Sawa, yote yamekwisha vizuri," akasema. "Lakini nyumba ina utaratibu wake. Kope, dada yako alilia kwa sababu yako. Mdogo ni mdogo. Mwombe radhi mbele yetu, tufunge hesabu."

Dada akanitazama. Alikuwa anang'ata mdomo, na sikujua kama anazuia kicheko au anasubiri kweli. Mwalimu akashusha chupa ya soda. Shangazi akainua kamera yake kubwa, akaiweka kwenye kichwa cha mtu, akanilenga mimi.

Sikufumba macho.

"Pole nilishampa dada, mama, na nitampa nyingine akitaka," nikasema. "Radhi siombi."